Pua Isiyosikia

Kutus
11 Februari 2024

Baba,

Salamu nyingi kutoka huku Kutus. Natumai umeamka salama na baridi ya Othaya haijakuzidi magoti.

Naandika kukuomba radhi. Najua Jumamosi mliningoja kwenye maombi ya kumkumbuka Ngatia, na Tabby akaniwekea kiti, nami sikutokea. Nilishikwa na homa ya kifua mwezi wa kwanza, ikanilaza kitandani hadi shule ikafunguliwa bila mimi. Sasa kikohozi kimeisha na nimerudi darasani. Lakini homa imeniachia kitu kingine. Sisikii, Baba. Niliamka asubuhi moja nikakuta dunia imezimwa.

Juzi Nduta, jirani wangu wa mlango wa pili, aliingia mbio akanikuta nimeketi mezani nasahihisha vitabu, na maharagwe yanaungua hapo nyuma yangu. Yeye alijua akiwa nje barabarani. Mimi niliyekuwa ndani sikujua lolote.

Nimemwona daktari wa masikio na pua. Anasema huenda itarudi, huenda isirudi, ni kungoja na kufanya mazoezi. Shuleni sijamwambia mtu. Ni vigumu kueleza kitu ambacho watu hawakioni. Wanakutazama wanasema mbona uko sawa.

Hayo ndiyo yaliyonizuia. Usidhani nimemsahau Ngatia, au nimewasahau nyinyi. Barua hii nampa Wamae, anayekuja huku kubeba nyanya za soko la Othaya.

Ni mimi,
Gaudencia


Othaya
18 Februari 2024

Kwa Mwalimu Gaudencia,

Barua yako nimeipata. Wamae aliniletea ikiwa na maji ya nyanya kwenye pembe, lakini maneno yote yalikuwa yamepona.

Maombi hayana neno. Mchungaji aliomba, watu wakanywa chai, wakaenda. Nilidhani hukuja kwa sababu umechoka na sisi, kwa maana mwanangu hayuko tena na hatukuzaliwa na wewe. Nilipofika pale uliposema husikii, nilirudia mstari huo mara mbili.

Hali hiyo naijua. Mimi mashine za kiwanda cha chai zilinichukua masikio pole pole, kama mtu anayeiba sukari kijiko kimoja kimoja, mpaka siku nilipofungua mkebe nikakuta tupu. Wewe umechukuliwa yote kwa mara moja. Sijui ni lipi afadhali.

Sasa nikwambie mambo ambayo mimi hakuna aliyeniambia. Mlango ndio utakaokusumbua. Watu watagonga, watachoka, watasema unaringa. Funga kamba nje ya mlango, uipitishe juu ya dirisha, na huku ndani uning'inize kitambaa chekundu mbele ya pale unapoketi. Mtu akivuta, kitambaa kinacheza. Yangu alinifungia Ngatia. Halafu tafuta kibao. Mimi natembea na kibao kidogo cheusi, na chaki mfukoni; mwenye neno anaandika. Ile simu Ngatia aliyoninunulia nilimpa Tabby, kwa maana ikilia siisikii na herufi zake ni ndogo kama siafu.

Lakini utaona kibao kina ubaya wake. Watu wanafupisha. CHAI? MVUA. MAZIWA KESHO. Tabby ni mtoto wa ndugu yangu, ananiletea maziwa kila asubuhi, na moyo wake ni mzuri, lakini hata yeye anaandika ya lazima tu. Hakuna mtu anayeandika upuzi kwenye kibao, Mwalimu. Na mimi nilikuwa mtu wa kupenda upuzi.

Nimeandika mengi. Mkono wangu haujaandika hivi tangu nikimwandikia mama Ngatia tukiwa vijana. Pole sana kwa yaliyokupata. Andika tena, hata kama hakuna habari.

Wambugu


Kutus
24 Februari 2024
(Haikutumwa)

Baba,

Kuna kosa limetokea na ni langu. Mimi ninayefundisha watoto Kiswahili ndiye niliyeandika neno moja mahali palipohitaji mawili. Masikio yangu ni mazima. Ni pua. Sisikii harufu. Kwetu harufu husikiwa, na Ngatia aliniambia kwenu ni vile vile, kwa hivyo niliandika "sisikii" bila kufikiria anayesoma ni nani. Maharagwe yaliungua kwa sababu sikusikia harufu yake, si kwa sababu sikusikia kelele za Nduta.

Mazoezi yenyewe ni ya kunusa. Daktari ameniambia nitafute karafuu, ganda la limau, jani la mkaratusi na ua la waridi, kila kimoja kwenye chupa yake, ninuse asubuhi na jioni huku nikikumbuka kilivyokuwa. Waridi naliiba kwenye ua wa mwalimu mkuu. Nanusa na kunusa. Kunusa naweza. Kusikia ndiko hakuna.

Samahani kwa kukutia wasiwasi. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Tangu tumzike Ngatia hakuna mtu aliyeniandikia ukurasa mzima wa kitu chochote. Nikikutumia hii utasema sawa, pua ni jambo dogo, pole, na


Kutus
3 Machi 2024

Baba mpendwa,

Kamba nimeifunga. Fundi alinicheka, nikamwambia ni mchezo wa watoto wa shule. Kitambaa ni ile skafu yangu nyekundu niliyovaa kwenye harusi ya rafiki yangu Anita. Mpaka leo walioivuta ni Nduta, na mbuzi wa mwenye ploti tunamopanga, aliyekuwa akitafuta cha kutafuna.

Uliomba upuzi, basi upuzi ni huu. Mtoto mmoja wa Gredi ya Nne ameandika kwenye insha yake kwamba nyanya yake alizaliwa akiwa mdogo sana. Nilimwuliza alitaka azaliwe vipi. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nilimkuta akiwa mzee." Na kuku wa mwalimu mkuu ameamua kutaga ndani ya droo ya naibu wake. Mayai hayo yamezua kikao, kikao kikazua kamati, na kamati haijaamua mayai ni ya nani.

Mazoezi ya daktari naendelea nayo. Ni vitu vinne. Navipitia kimoja kimoja asubuhi na jioni, nafunga macho, najaribu kukumbuka kilivyokuwa. Anasema nisilazimishe. Hakuna kinachokuja. Ni kama kubisha hodi kwa watu waliohama. Wakati mwingine nasikia kitu kama moto jikoni, nainuka kuangalia, nakuta jiko limezima kitambo. Hapo ndipo naogopa kidogo.

Wewe ulizoeaje, Baba? Au mtu hazoei?

Wako,
Gaudencia


Othaya
14 Machi 2024

Mwanangu Gaudencia,

Nimecheka mpaka Tabby akaweka chupa ya maziwa chini akaandika kwenye kibao: NINI? Nikamwambia ni upuzi. Akaandika: UPI? Ulikuwa mwanzo mzuri.

Huo moto unaousikia na haupo usikutishe. Mimi pia niko na kengele inayolia masikioni na hakuna kengele. Kitu kikiondoka huacha kivuli chake kikicheza.

Umeuliza kama mtu huzoea. Anazoea mchana. Asubuhi hazoei. Hayo mazoezi ya daktari wako mimi nimeyafanya miaka mingi bila daktari. Kabla Tabby hajafika nakaa jikoni kando ya moto, nafunga macho, napitia vyangu. Na mimi viko vinne. Mvua juu ya mabati. King'ora cha kiwanda kikiita watu wa zamu. Mama Ngatia akiita kuku. Na Ngatia. Mvua inakuja yenyewe. King'ora kinakuja. Mama Ngatia anakuja, ingawa siku hizi kuku ndio nawasikia zaidi yake.

Ngatia ameanza kukataa. Namwona mdomo unafunguka, na hakuna kitu. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, unajua. Na wakati sauti yake ilipogeuka kuwa ya mwanamume, masikio yangu yalikuwa yameshaanza safari. Ya utoto niko nayo kidogo. Ya utu uzima sikuwahi kuipata vizuri. Nilimzika mtu ambaye sauti yake siijui.

Wewe umepoteza juzi tu. Sauti ulizobaki nazo kichwani bado ni mbichi. Kwa hivyo nakuomba kitu ambacho siwezi kumwomba mtu mwingine yeyote, kwa maana wenye masikio wataniona nimechanganyikiwa. Niandikie sauti yake. Ilikuwa namna gani?

Baba yako,
Wambugu


Kutus
24 Machi 2024

Baba,

Nimekaa na ombi lako wiki nzima kwa sababu nilitaka kulifanya vizuri.

Sauti ya Ngatia ilikuwa ya chini lakini haikuwa nzito. Ilianza taratibu, kama mtu anayeingia nyumba yenye mgonjwa. Alivuta pumzi kabla ya kutaja jina langu. Hakuniita Gaudencia, aliniita Gaude, na ile "de" aliiacha ianguke. "Kulala" kwake ilikuwa "kurara". Nilimcheka miaka yote na hakubadilika. Akiwa na furaha aliongea haraka, maneno yakapandana migongoni. Akiwa na huzuni hakuongea kabisa, kwa hivyo sauti yake ya huzuni hata mimi sina ya kukupa.

Kuna siku moja aliyonisemesha kutoka hapo kwako, akijiandaa kurudi Kutus. Nakuandikia kama ilivyokuwa. Alisema: "Gaude, niko karibu kutoka. Niwekee maji ya kuoga, nimeshinda jikoni na mzee. Ati anauliza kama unakula." Kisha akacheka kidogo kwa pua, kama mtu aliyekumbuka kitu akaamua kukiweka. Neno "mzee" alilitamka polepole kuliko mengine yote. Alilishika kama mtu anayeshika kikombe kilichojaa.

Natumai nimekupa kitu.

Gaudencia


Othaya
5 Aprili 2024

Mwanangu,

Barua yako niliisoma kwa sauti, mimi nisiyejisikia, na Tabby akatoka nje akajifanya anaangalia ng'ombe.

Kesho yake asubuhi nilikaa kwenye moto nikafunga macho. Alikuja. Hakuja kamili. Alisema "mzee", akanyamaza. Sikumsumbua zaidi ya hapo.

Ni kweli niliuliza kama unakula. Siku hiyo naikumbuka, tulikuwa tunachoma mahindi. Ulipokuja kwetu mara ya kwanza ulikuwa mwembamba, nikamwambia mke wangu huyu mtoto hatamaliza baridi ya hapa. Sikuwahi kukwambia neno hilo wala lingine lolote. Wewe na mimi tulikuwa watu wa kusalimiana kwa mkono na kuangalia pembeni.

Kanisani nimewaambia kuna mtu wangu aliye kama mimi, na wanakuombea. Kibao chako nimekitengeneza mwenyewe. Nimekipiga randa, nimekipaka rangi nyeusi mara mbili, na kamba ya kukivalia shingoni ipo. Sitampa Wamae kitu kama hicho akipangie nyanya juu yake.

Baba yako,
Wambugu


Kutus
12 Mei 2024

Baba,

Hii ni barua ya pili bila jibu lako. Kwanza nilisema ni mvua, barabara zimekatika. Lakini Wamae anapita, na anasema barua ya kwanza alikupa mkononi, ukaitia mfukoni bila kuifungua.

Ni ugonjwa? Kama ni ugonjwa, mwambie Tabby aandike. Kama ni kitu nimekosa, niambie nikijue. Kila jioni naketi nikitazama kile kitambaa.

Gaudencia


Kutus
19 Mei 2024

Baba,

Nduta amerudi. Tangu Aprili alikuwa kwao Kangema kumuuguza mama yake, na juzi alipofungua nyumba yake akanitolea kibao.

Amenieleza yote. Ile Jumamosi aliyosafiri alikukuta mlangoni pangu, umeshika kamba. Ulikuwa umevuta na kuvuta. Ulikuwa umesogea dirishani ukaniona ndani, nimeupa mlango mgongo, simu iko sikioni, nacheka. Ukampa Nduta kibao na chaki, ukamwuliza kama Mwalimu anasikia. "Mimi sikujua ni siri," Nduta ameniambia. "Aliuliza, nikamwandikia vile iko. Halafu aliniwekea hiyo kibao mkononi akaenda. Ningejua ni baba mkwe wako ningemuwekea chai." Gari la Nduta lilikuwa linangoja, akakifungia kibao nyumbani kwake akaondoka.

Maneno yake bado yapo. Ndiyo ya kwanza kuandikwa kwenye kibao ulichonitengenezea, na sijathubutu kuyafuta: ANASIKIA SANA BABA. NI PUA TU HAISIKII.

Ulitoka Othaya na magoti yako, ukarudi hata maji hujanywa.

Baba, ni kweli. Ni pua. Nilijua umenielewa vibaya tangu barua yako ya kwanza. Niliandika ya kukusahihisha, sikuimaliza, nikaiweka kwenye droo. Nimeitia ndani ya bahasha hii, uisome ilipokatikia. Ilikatikia pale kwa sababu niliogopa kuimaliza.

Nilikuwa mpweke. Sina namna nyingine ya kulisema. Nyumba hii haina sauti ila redio, na sasa haina hata harufu. Sijui kama chakula kimechacha. Sijui kama mimi mwenyewe nanuka. Naoga asubuhi, naoga jioni, na kwenye chumba cha walimu naketi peke yangu karibu na dirisha. Halafu ukaja wewe na kurasa zako. Niliona nikisema ni pua utanipa pole, na tutarudi kusalimiana kwa mkono na kuangalia pembeni.

Na ile simu. Sikuwa naongea na mtu. Nilikuwa namsikiliza Ngatia. Kuna ujumbe wake mmoja wa sauti uliobaki, na huo ndio niliokuandikia. Sikukumbuka, Baba, nilisikiliza. Nilikuwa nikiucheza, nausimamisha, naandika, naucheza tena. Kila neno ni lake, na pale anapocheka hata mimi hucheka naye. Siku uliyokuja nilikuwa nimeuweka sikioni, nimefumba macho, kutafuta kama kuna mvua nyuma yake, juu ya mabati yako, nikuandikie.

Mimi nina sauti yake na siwezi kukupa. Harufu yake nimeipoteza, na hata kuikumbuka siwezi. Mtu niliyelala kando yake miaka hiyo yote, nikifunga macho hanukii chochote. Kwenye chumba chake cha zamani hapo kwako kuna koti lake la kijani. Siombi unisamehe kwanza. Naomba uingie, uweke pua kwenye kola, unisikilizie.

Gaudencia


Othaya
4 Juni 2024

Kwa Mwalimu Gaudencia,

Nilikasirika, tena sana. Nilirudi nyumbani nikakata kamba ya mlango wangu kwa kisu. Tabby akasimama nje kwenye mvua na maziwa mpaka nilipotoka kwa haja zangu nikamkuta.

Nilijiambia mwalimu amenifanya mchezo. Watu wamenisikia nikisimama kanisani, wamefunga, wamekuombea masikio ambayo ni mazima. Mungu mwenyewe lazima alikuwa anauliza hawa wa Othaya wanataka nini.

Barua zako sikuzifungua mpaka juzi. Nilipozisoma, nikaenda nikatafuta ile ya kwanza kabisa. Hakuna mahali umeandika ni masikio; hata daktari uliyemtaja ni wa masikio na pua. Umeandika husikii, basi. Masikio niliyaweka mimi. Lugha yangu nimeinywa kwa maziwa ya mama, najua tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu, na bado niliyaweka masikio kwa sababu nilitaka yawe hapo.

Nikwambie jambo baya. Niliposoma hiyo barua mara ya kwanza nilisema pole, na ndani nilifurahi. Mzee mzima anafurahi mtoto wa watu amekuwa kiziwi, kwa sababu amepata wa kukaa naye. Kwa hivyo wewe ulidanganya na mimi nilifurahi, na sijui ni nani wa kumsamehe mwenzake.

Koti nimelinusa. Sitakuficha kitu, tumefichana vya kutosha. Ngatia hayuko. Nimemtafuta kwenye kola, kwenye mikono, ndani ya mifuko. Ni moshi wa jiko langu tu, kama kila kitu katika nyumba hii. Samahani, mwanangu. Nilitaka kukuandikia uzuri, kama ulivyoniandikia wewe, lakini pua yangu imesema ukweli. Nimempa Wamae akuletee hata hivyo, angalau ulishike.

Kamba nimefunga nyingine.

Je, kulikuwa na mvua nyuma yake?

Wambugu


Kutus
16 Juni 2024

Baba,

Koti lilifika Alhamisi, limekunjwa vizuri, nyanya hazikuligusa. Niliweka pua kwenye kola kama ulivyofanya. Hakuna. Nikafanya mazoezi yangu, karafuu, limau, mkaratusi, waridi, hakuna, nikalala nimelikumbatia kama mtoto.

Leo nimetoka kanisani nikaliinua kulitundika, na kitu kikapita. Kidogo sana, kwa mbali. Nilisema ni ule moto wa uongo. Nikaenda kuangalia jiko, limezima. Nikanusa pazia, hakuna. Nikanusa sabuni, hakuna. Nikanusa vitabu vya watoto, hakuna. Nikarudi kwenye koti, na kipo. Nilifungua droo nikatoa barua zako zote, na zote zina moshi, Baba. Hata ile ya Februari yenye doa la nyanya. Nimekuwa nikizishika na kuzikunja na kuzisoma kitandani, na moshi umo, nami sikujua. Nilimwita Nduta, sikumwambia kitu, nikampa bahasha anuse. Akasema, "Hii imetoka jikoni ya mtu."

Umeandika kwamba Ngatia hayuko, ni moshi wako tu. Kumbuka maneno yake mwenyewe. Niwekee maji ya kuoga, nimeshinda jikoni na mzee. Kila Jumapili jioni aliingia mlango huu hivyo, na nilimkataza kochi mpaka aoge, na hata akishaoga moshi ulibaki kwenye nywele. Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nikitafuta kitu kingine, sijui sabuni, sijui jasho, na kumbe harufu ya mume wangu ilikuwa ni ya kwako. Wewe huwezi kuisikia kwa sababu unaishi ndani yake.

Nimelia sana, na si kwa ubaya.

Vile vingine vinne bado havijarudi. Daktari alisema vinarudi kwa zamu, kama vinarudi. Nitaendelea navyo. Lakini nimetafuta chupa ya tano nikatia ndani kipande cha bahasha yako.

Na ndiyo, kulikuwa na mvua. Nimefunga milango nikausikiliza ujumbe wake tena. Iko juu ya mabati, ya kawaida, haina haraka. Na katikati, baada ya "anauliza kama unakula", kabla hajacheka, kuna mtu anakohoa karibu naye. Ni wewe, Baba. Muda huu wote nilikuwa nikikusikia na sikujua ni wewe.

Nakuja Jumamosi. Nitavuta kamba. Nitaketi jikoni na wewe siku nzima nikikuandikia upuzi kwenye kibao, na samahani kwa kukutajia mambo haya, lakini nikirudi Kutus sitaoga.

Mwanao,
Gaudencia